Vayoleti ya Usambara Imegoma Kutoa Maua? Anza na Mwanga, Mbolea Baadaye

Jirani yangu alibisha hodi Jumamosi moja akiwa amekumbatia chungu kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. "Dada, hebu nitazamie huu mche," akaniambia. "Mwaka wa pili sasa, majani tu." Majani yenyewe yalipendeza: mapana, ya kijani kilichokolea, manyoya laini juu yake. Lakini vikonyo vyake vilikuwa virefu na vimesimama wima. Nikamuuliza chungu kinakaa wapi. Mezani sebuleni, karibu na televisheni. Nikamuuliza anaulisha nini. Mbolea, kila wiki. Majibu hayo mawili yalinitosha kuujua ugonjwa, na dawa yake haikuhitaji hata shilingi moja.

Ninaishi Tanga, na inaniuma kuona ua hili linavyotushinda sisi tuliozaliwa nalo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huku kwetu, alilikuta likiota karibu na mji wa Tanga na pia juu katika misitu ya Usambara, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha. Tangu 2015 wanasayansi wamelihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, ila wapenzi wake wengi bado wanalitaja kwa jina la zamani. Kwenye vitalu vyetu utasikia "afrikan vayoleti" au vayoleti tu. Ndugu zake wa porini wako pia kwenye milima ya Uluguru na Nguru, na kwa upande wa Kenya, milima ya Taita.

Nataja kwao kwa sababu asili yake ndiyo inayoeleza matatizo yake karibu yote. Porini mche huu hushika majabali yenye kigoga, kando ya vijito, chini ya miti mikubwa. Udongo wake ni kiganja kimoja cha mboji kwenye ufa wa jiwe. Mizizi yake ni myembamba na mifupi. Maji huupitia yakaenda zake, hayatuami. Jua haliupigi uso kwa uso, lakini mwanga uliochujwa na majani ya miti huupata mchana kutwa. Hewa ina unyevu. Ukiyashika hayo, mengi ya hapa chini utayabaini mwenyewe kwa kuutazama tu.

Jambo jingine la kujua kabla ya kuanza uchunguzi: kikonyo cha ua hutoka kwenye kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina, na kwa kawaida kila kwapa huzaa mara moja. Kwa hiyo mche usiotoa majani mapya hauna pa kutolea maua. Kabla ya kuuliza maua yako wapi, tazama kitovu, yaani katikati ya mche: je, kuna majani madogo yanayochomoza? Kama hakuna, tatizo ni la afya, na utalipata kwenye mizizi au kwenye wadudu. Kama yapo na yanakua vizuri, tatizo karibu kila mara ni mwanga.

Majani mazuri, maua hakuna

Hili ndilo lalamiko la wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tazama vikonyo vya majani. Vikirefuka na kuelekea juu, mche unatafuta mwanga. Ule wa jirani yangu ulikuwa hivyo. Mche wenye mwanga wa kutosha hulala bapa kama sahani, majani yakizunguka kitovu kwa mpangilio. Ukipewa mwanga kupita kiasi, majani hupauka, huelekea njano, na yale ya nje hujikunja kuelekea chini kama yanataka kukumbatia chungu.

Kipimo cha bure: kati ya saa 4 na saa 8 mchana, nyoosha kiganja chako sentimita 30 hivi juu ya majani. Kivuli kikiwa na kingo kali zilizokatika vizuri, mwanga ni mkali mno. Kikiwa hakionekani kabisa, ni giza. Unachotaka ni kivuli laini, ambacho unaona ni cha mkono lakini huwezi kuhesabu vidole.

Sasa suala la dirisha. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanaosema dirisha la kusini lina jua kali na la kaskazini ni la kivuli. Kwao ni kweli. Kwetu inapotosha. Hapa Tanga, nyuzi 5 kusini ya ikweta, mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na Desemba liko upande wa kusini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba hupita utosini. Kwa hiyo dirisha lililokuwa salama wakati wa kipupwe linaweza kuunguza majani wakati wa kaskazi, na kinyume chake. Dirisha la mashariki ndilo ninaloliamini zaidi: jua la kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi ni la upole, na baada ya hapo mche hubaki na mwanga wa anga. Dirisha la magharibi linahitaji pazia jepesi, kwa sababu jua la alasiri hukuta nyumba imeshapata joto.

Halafu kuna vitu ambavyo tumevizoea mpaka hatuvioni tena: wavu wa mbu, nondo za dirisha, upenu mrefu, pazia zito, mwembe uliojaa majani nje. Wavu peke yake hula sehemu kubwa ya mwanga, na ukiwa na vumbi la miezi sita ndiyo zaidi. Nilimwambia jirani afanye mambo mawili tu: ausafishe wavu wa dirisha la mashariki, kisha ahamishie chungu hapo, hatua moja kutoka kwenye kioo. Na kila wiki akizungushe robo duara ili mche usilale upande mmoja.

Asiye na dirisha zuri anaweza kutumia taa. Tyubu ya LED nyeupe iliyoning'inizwa sentimita 25 hadi 30 juu ya majani, ikiwashwa saa 12 hadi 13 kwa siku, inatosha kabisa. Usiiache ikiwaka usiku kucha. Mche huu unataka giza pia, angalau saa 8, na taa isiyozimwa huchelewesha matumba badala ya kuyaharakisha.

Baada ya kuhamisha, subiri. Majani yaliyopo hayatageuka. Utayaona mapya yakitoka yakiwa na vikonyo vifupi. Matumba huja baada ya wiki 8 hadi 12. Wengi hukata tamaa wiki ya nne, wakauhamisha tena, na kila kuhama ni kuanza upya.

Ikiwa mwanga ni mzuri, miezi mitatu imepita na bado hakuna kitu, angalia chungu. Vayoleti hutoa maua mizizi yake ikiwa imebanana. Kipenyo cha chungu kiwe kama theluthi ya upana wa mche: mche wenye upana wa sentimita 27 hutosheka na chungu cha sentimita 9. Najua inaonekana kama ukatili, na mkono wako utataka kuupa nafasi. Lakini chungu kikubwa kina udongo mwingi ambao mizizi haijaufikia, udongo huo hukaa na maji, na mche hutumia nguvu zake kutafuta mizizi mipya badala ya kuchanua.

Kisha hesabu vitovu. Mche mmoja unapaswa kuwa na kimoja. Machipukizi yakiota pembeni na kuachwa, mche hugeuka kichaka cha vitovu vitatu au vinne vinavyogombania mwanga, na maua hupungua. Chipukizi likifikisha majani manne limeshajulikana kuwa si ua. Ling'oe kwa kijiti cha meno au penseli iliyochongwa. Lile lenye afya unaweza kulipanda.

Na mbolea? Ndiyo, naifikia, lakini iko mwisho kwa makusudi. Mbolea ya shambani, hasa urea, ina nitrojeni nyingi: huleta majani ya kuvutia, hunyima maua, na huunguza mizizi hii laini. Mbolea ya maji yenye uwiano ulio sawa, kama 20-20-20 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi kimoja), ikitumiwa kidogo sana inatosha. Robo ya kijiko cha chai katika lita 4 za maji, hiyo ndiyo dozi yangu. Mche ulio gizani usiupe mbolea hata kidogo. Hauna nguvu ya kuitumia, na inayobaki hugeuka chumvi kwenye udongo.

Mche umenyauka, na udongo umelowa

Hapa ndipo mche wangu wa kwanza ulipofia. Niliuona umelegea, nikafikiri una kiu, nikaumwagilia. Kesho yake umelegea zaidi, nikaongeza. Baada ya siku nne kitovu kilikuwa kimegeuka cha kahawia na laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Mche wenye kiu na mche uliooza mizizi hufanana usoni. Tofauti iko kwenye uzito. Inua chungu. Chungu chepesi na majani yaliyolegea ni kiu: mpe maji, baada ya saa chache atasimama. Chungu kizito na majani yaliyolegea maana yake mizizi imeoza na haiwezi tena kunywa, hata ikiwa imezungukwa na maji. Ukiongeza maji hapo unamalizia kazi.

Utoe kwenye chungu. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa. Iliyooza ni ya kahawia, hutoka ukiivuta kidogo, na hunuka. Kama theluthi au zaidi bado ni mizima, ondoa iliyooza kwa mkasi safi, punguza majani ya nje mpaka yabaki manane au tisa, panda kwenye udongo mpya ulio na unyevu tu, chungu kidogo kuliko cha mwanzo.

Kama mizizi yote imekwenda, kata shina kwa kisu kikali, ukipanda juu kipande kwa kipande mpaka ufike penye nyama safi ya kijani hafifu isiyo na doa la kahawia. Acha kidonda kikauke kwa saa moja au mbili. Kisha chomeka kitovu hicho kwenye udongo wenye unyevu kidogo na ukifunike kwa chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako. Weka kwenye mwanga, mbali na jua. Fungua kifuniko cha chupa kila siku kwa dakika chache. Baada ya wiki 4 hadi 6, ukiuvuta taratibu ukahisi umeshika, umeota. Nimeokoa wengi kwa njia hii kuliko niliowapoteza.

Lakini sababu ya kuoza, mara nyingi, ni udongo wenyewe. Udongo wa bustani, ule mweusi mzuri unaopanda mchicha, ni mzito mno kwenye chungu kidogo. Mimi huchanganya sehemu mbili za vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa vizuri, sehemu moja ya maganda ya mpunga yaliyounguzwa, na nusu sehemu ya chenga za mkaa. Waliopo bara hupata mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa, nayo ni mazuri sana. Anayepata perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo, aitumie. Neno moja kwa watu wa pwani: vumbi la makumbi lisilooshwa huwa na chumvi, na mchanga wa ufukweni una chumvi zaidi. La kwanza lilowekwe na kubadilishwa maji mara mbili tatu. Wa pili usiutumie kamwe.

Kumwagilia kwenyewe: weka chungu kwenye sahani yenye maji, kiachie kinywe kwa dakika 20 hadi 30, mwaga yanayobaki. Usirudie mpaka uso wa udongo ukauke ukiugusa. Hiyo inaweza kuwa siku tatu wakati wa kaskazi au siku kumi wakati wa masika, kalenda haikusaidii. Wanaosafiri sana hupitisha utambi kwenye tundu la chungu, ncha moja kwenye udongo na nyingine kwenye kopo la maji chini. Tumia uzi wa nailoni au wa akriliki. Uzi wa pamba huoza. Utambi unafaa tu kwenye udongo mwepesi sana.

Matumba yanatoka, kisha yanakauka

Hili linavunja moyo kuliko yote, maana umeshaona rangi.

Joto ni mshukiwa wa kwanza kwetu sisi wa pwani. Nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi ndizo zinazoupendeza mche huu. Ikipita 30 kwa siku mfululizo, matumba hukauka yakiwa madogo, na yanayofunguka huwa madogo na hupukutika haraka. Kuanzia Desemba hadi Machi mimi sitarajii maua mengi, na simlazimishi. Nahamishia vyungu kwenye chumba chenye hewa inayopita, karibu na mtungi wa maji wa udongo, maana hewa inayouzunguka mtungi hupoa na kuwa na unyevu. Vyungu vya udongo usiopakwa rangi husaidia pia kwa njia hiyo hiyo.

Anayeishi na kiyoyozi ana tatizo la upande wa pili. Joto limeshuka, lakini hewa imekauka. Usiweke mche mahali kinapopulizia. Trei ya kokoto yenye maji, chungu kikiwa juu ya kokoto na si ndani ya maji, huongeza unyevu kiasi. Vyungu vitano vikikaa pamoja hupeana unyevu kuliko kimoja peke yake.

Mshukiwa wa tatu watu hawamdhanii: kapu la matunda. Ndizi, maembe na mapapai yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huangusha matumba na maua. Moshi wa jiko la mkaa au kuni nao una ethilini. Mche uliokaa dirisha la jikoni, juu ya ndizi na karibu na jiko, unaweza kupata mwanga bora kabisa na bado usifungue hata ua moja. Ukiwa na hali hiyo, hamisha kapu kwanza.

Halafu kuna safari. Mche ulionunuliwa ukiwa umechanua, ukapanda bodaboda kwenye jua, ukaingia nyumba ngeni, kwa kawaida huangusha matumba yote ndani ya wiki mbili. Hukufanya kosa. Uache utulie.

Ukiona petali zimepakwa unga wa njano kama mtu amekung'uta binzari, hao ni vithiripi. Ni wadudu wembamba sana, wa milimita moja au mbili, wanaokula chavua na kuimwaga. Puliza pumzi kwenye ua, utawaona wakikimbia. Toa maua yote na matumba yote, hata kama roho inakuuma, na uendelee kuyatoa kwa wiki 6 hadi 8 ili wakose chakula. Sambamba na hilo, nyunyiza maji ya sabuni laini au mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na maji, jioni, mahali pa kivuli, kwa sababu majani haya yenye manyoya yakipigwa na jua yakiwa na mafuta huungua.

Madoa na kingo zilizoungua

Mistari na miviringo ya rangi ya njano au nyeupe kwenye majani ni alama ya maji baridi. Maji yaliyo baridi kuliko jani, yakilidondokea, huua chembechembe za kijani zilizo chini kidogo ya ngozi ya jani, na doa halifutiki. Tanga si rahisi kuliona, bomba letu ni vuguvugu. Lushoto, Arusha, Iringa au Nairobi mwezi Julai, maji ya bomba ya asubuhi yanatosha kabisa kufanya hivyo. Chota maji jioni, yaweke kwenye ndoo iliyo wazi ndani ya nyumba, tumia kesho. Yatakuwa na joto la chumba, na sehemu kubwa ya klorini ya kawaida itakuwa imetoka.

Mabaka makavu ya kahawia upande unaotazama dirisha ni jua. Hayo hayana mjadala, sogeza chungu.

Kingo zilizokauka, pamoja na ukoko mweupe au wa rangi ya kutu kwenye ukingo wa chungu, ni chumvi. Utaona pia vikonyo vinavyolalia ukingo vikioza pale vinapogusa. Chumvi hutoka kwenye mbolea iliyozidi, au kwenye maji yenyewe: visima vingi vya kuchimba pwani vina maji ya chumvichumvi, na kama wewe unaisikia mdomoni, mche umeshaisikia zamani. Maji ya mvua ndiyo bora. Acha mvua ya kwanza isafishe bati, kisha kinga. Mara moja kwa mwezi mwagilia kwa juu, polepole, maji mengi yapite na kutoka chini, ili yaondoke na chumvi; epuka kitovu. Usiyarudishe hayo maji kwenye sahani.

Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa yake imebaki kijani, chumvi na magadi ya maji yamebadilisha udongo mpaka mizizi haipati madini ya chuma. Badilisha udongo na chanzo cha maji. Kuongeza mbolea hapo hakusaidii.

Kitovu kimejifunga, majani machanga ni magumu

Sababu ni mbili, nazo zina hatima tofauti sana, kwa hiyo chunguza vizuri. Mbolea kupita kiasi au taa iliyo karibu mno hufanya kitovu kibane, majani machanga yakiwa na vijipunje vya rangi ya kutu vya chumvi kwenye manyoya. Huo hupona: pitisha maji mengi, pandisha taa, pumzisha mbolea miezi miwili.

Utitiri wa kitovu ni jambo jingine. Hauonekani kwa macho. Majani ya katikati huwa madogo, ya kijivu, yenye manyoya mazito kupita kawaida, yamejikunja na huvunjika kama bisi. Vikonyo vya maua hupinda na kuvimba. Dawa za madukani kwa kawaida haziufikii. Ushauri wangu ni mchungu: funga mche huo kwenye gazeti, utupe, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa mwingine, na mingine yote iliyokuwa jirani itazame kila siku kwa mwezi mzima. Nilijaribu kuokoa mmoja kwa sababu ulikuwa zawadi, ukaniambukizia sita.

Vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, wafute mmojammoja kwa kijiti cha pamba kilicholowekwa spiriti, rudia kila baada ya siku tano. Wapo pia wanaoishi mizizini, utawaona kama majivu meupe ukitoa chungu. Hao waoshe pamoja na udongo wote na upande upya. Unga mweupe juu ya majani na petali ni ubwiri unga, unaokuja hewa ikituama usiku wenye baridi. Tenganisha vyungu, fungua dirisha, toa maua yaliyoshikwa.

Shingo ndefu kama mnazi

Majani ya chini huzeeka na kuondolewa, na baada ya mwaka au miwili mche hubaki na shingo tupu, ukayumba, ukatoa maua machache. Kwangua shingo kwa upole kwa mgongo wa kisu, kata sehemu ya chini ya bonge la mizizi kwa urefu sawa na shingo, rudisha kwenye chungu kilekile ukiizika shingo hiyo. Itaota mizizi mipya. Fanya hivyo kila mwaka kabla hakujawa na shingo ya kuzungumzia.

Okidi na kalanchoe zilizo dirisha hilohilo

Naulizwa pia kuhusu hizi mbili, na ni vizuri kujua kuwa hazigomi kwa sababu moja na vayoleti.

Okidi ya nondo, Phalaenopsis, inayotoa majani mapana bila maua mwaka mzima huko Dar es Salaam au Mombasa, kwa kawaida imekosa ubaridi. Huanza kikonyo cha ua ikipata wiki kadhaa za joto lisilozidi nyuzi 25 hivi. Mwezi Juni hadi Agosti itoe barazani penye kivuli, ikapate usiku wa kipupwe. Watu wa Nairobi na Arusha hawana shida hiyo.

Kalanchoe inahesabu giza. Huanza matumba usiku ukiwa mrefu, na usiku wetu wa karibu saa 12 uko mpakani kabisa. Taa ya sebuleni inayowaka hadi saa 5 usiku inauharibu. Ifunike kwa boksi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 asubuhi, kila siku bila kuruka, kwa wiki 6. Mchana ipe jua la kutosha kuliko vayoleti.

Mche umeshindikana

Ikitokea kitovu kimeoza chote lakini jani moja bado ni gumu na la kijani, hujapoteza kila kitu. Kata kikonyo chake mshazari, kibaki sentimita 3, ukichomeke kwenye vumbi la makumbi lenye unyevu, funika kwa chupa. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 au 4. Vimche vidogo kama masikio ya panya huchomoza chini ya jani baada ya miezi miwili au mitatu. Vikifika ukubwa wa shilingi, vitenganishe, kila kimoja chungu chake. Aina zenye petali za mistari kama pipi hazirithi mistari hiyo kwa jani. Hizo panda kwa chipukizi.

Andika tarehe kwenye chungu kwa kalamu isiyofutika. Kuanzia siku ile ya kukata hadi ua la kwanza huwa ni miezi 8 hadi 12. Jirani yangu ana vyungu vinne sasa, vyote kutoka kwenye ule mche mmoja wa sebuleni, na chenye tarehe ya Februari kimeanza kuonyesha tumba wiki hii.